Kutafuta Kizima au Kuunganisha Vipande

Mtu anayehitaji chombo chema, lakini hana uwezo wa kununua kipya, huona njia mbili mbele yake. Njia ya kwanza ni kuzunguka akitafuta kilichotumika lakini kikabaki kizima. Njia ya pili ni kukusanya vipande vya vyombo vilivyokufa na kuunda kimoja kilicho hai. Kila njia ina wafuasi wake, na aghalabu kila mfuasi humwona mwenzake kuwa amepotea. Katika insha hii nataka tuzipime njia hizi mbili kwa mfano unaojulikana na watu wengi katika nchi yetu, yaani pikapu kuukuu. Mfano ni wa chuma, lakini swali si la chuma peke yake. Ni swali la namna ya kuchagua, namna ya kutengeneza, na namna ya kusema kweli juu ya vitu tulivyochagua na tulivyotengeneza.

Tuseme yupo mkulima wa viazi katika nyanda za juu za Nyandarua. Shamba lake liko mbali na barabara kuu, na kila msimu wachuuzi humpunja kwa sababu wanajua kuwa hana chombo cha kuchukulia mavuno yake hadi sokoni. Akipata pikapu atauza kwa bei ya haki. Akiikosa ataendelea kuuza kwa bei ya mwenye gari. Pikapu mpya imo nje ya uwezo wake. Zilizotumika ng'ambo nazo ni ghali, na kwa kanuni za Kenya gari lililotumika haliingizwi nchini, kwa kawaida, likiwa limezidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo pikapu ya umri mkubwa, ambayo bei yake imeshuka hadi kwenye mfuko wa mkulima, sharti itafutwe miongoni mwa zile zilizomo nchini tayari. Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Je, azunguke mji hadi mji mpaka aone moja ambayo haikuliwa na kutu? Au anunue chasisi mahali hapa, injini mahali pale, milango na magurudumu mahali pengine, kisha akae na fundi waunde yake? Chasisi, kwa asiyeijua, ni ule uti wa chuma ulio chini ya gari, unaobeba injini, bodi, watu na mzigo. Tutahitaji kulikumbuka neno hili.

Wengine watasema kwamba jambo hili ni la hesabu tu: jumlisha gharama za njia ya kwanza, jumlisha gharama za njia ya pili, kisha chagua iliyo ndogo. Hesabu ina mahali pake, na mkulima asiyeijua atafilisika. Lakini hesabu haiwezi kutuambia muuzaji ana wajibu gani kwa mnunuzi. Wala haiwezi kutuambia ni kitu gani katika chombo ambacho hakiwezi kubadilishwa pasipo chombo chenyewe kukoma kuwa kile kilichokuwa. Hayo ni maswali ya akili na ya dhamiri, na hayajibiwi kwa kujumlisha.

Kabla ya kuhukumu, yafaa tumjue adui. Kutu huzaliwa chuma kinapokutana na hewa na maji. Oksijeni iliyomo hewani, ikisaidiwa na maji, hukigeuza chuma kigumu kuwa kitu chekundu kinachobomoka mkononi. Chumvi huharakisha kazi hiyo, kwa sababu kuliwa kwa chuma huenda pamoja na mkondo mdogo wa umeme, na maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matamu. Ndiyo maana gari lililoishi Mombasa, Malindi au Lamu, karibu na upepo wa bahari, huliwa mapema kuliko ndugu yake aliyeishi Garissa au Lodwar. Mambo ni yayo hayo katika nchi nyingine. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na wapendao pikapu za zamani huenda kuzitafuta katika majimbo makavu kama Arizona.

Lakini tabia ya kutu inayotupasa kuifikiri zaidi ni hii: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hiyo huvimba, huipasua rangi, hujibandua magamba, na kila gamba linapoanguka hufungua mlango mpya kwa maji. Alumini haifanyi hivyo. Nayo huguswa na hewa, lakini ngozi inayotokea juu yake ni nyembamba na ngumu, hushikamana na madini yenyewe na kuyakinga yasidhurike zaidi. Dhara moja hugeuka kuwa ngao, na dhara jingine hugeuka kuwa njia ya dhara lililo kubwa zaidi. Tena kutu huanza mahali pasipofikiwa na jicho: ndani ya vyuma vyenye uwazi, chini ya mikeka ya sakafu, na kwenye maungio ambako matope hukaa na unyevu wake. Wahenga waliosema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wakiitazama nyumba, lakini wangeweza kusema hayo hayo wakilitazama gari.

Sasa tumsikilize mtafutaji. Yeye husema kwamba kitu kilichounganishwa vema tangu mwanzo, kwa vipimo vyake na mitambo yake, hakipati mkono wa baadaye wa kukiunga sawasawa. Kwa hiyo afadhali kungoja. Subira huvuta heri. Wala kungoja kwake si kukaa bure. Mtafutaji mwema hulala chali chini ya gari akiwa na tochi, na hugonga chuma kwa nyundo ndogo, kwani chuma kizima hulia kwa sauti ya wazi na kilichooza hujibu kwa sauti iliyofifia. Huinua mikeka. Huuliza gari lilikaa wapi, lilibeba nini, na lilioshwa vipi. Kwa njia hiyo hujifunza kwamba kila chombo kina historia, na kwamba hali ya leo ni jumla ya siku nyingi zilizopita.

Hujifunza pia, ikiwa ana moyo wa kujifunza, kwamba hapati kitu kizima ila kwa kazi ya mtu mwingine. Gari la miaka 40 lisilo na kutu aghalabu lilikuwa na mwenyewe aliyelisuuza matope kila jioni, akazipaka mafuta sehemu za chini, akalitia kivulini. Anayelinunua ananunua miaka ya bidii ambayo si yake. Hapa dhamiri inamwuliza swali gumu. Tuseme mwenye gari amefariki, na mjane wake hajui thamani ya kitu kilichomo ghalani. Mtafutaji anajua. Je, ampe bei aliyoitaja mjane, au ampe bei ya haki? Wako watakaosema kwamba biashara ni biashara. Mimi naona kwamba mtu aliyetumia miezi mingi kujifunza kutambua thamani hana ruhusa ya kujifanya haitambui siku ya kulipa.

Pamoja na sifa zake, njia ya kutafuta ina hatari tatu. Hatari ya kwanza ni kutafuta pasipo mwisho. Mchagua jembe si mkulima, na mchagua nazi hupata koroma. Mwaka wa kwanza mkulima wetu hukataa gari kwa sababu ya tundu dogo mlangoni; mwaka wa pili hukataa jingine kwa sababu ya alama ya kutu kwenye taa; mwaka wa tatu viazi vyake vingali vikiuzwa kwa bei ya wachuuzi. Kutaka ukamilifu kumekuwa kwake udhuru wa kutofanya lolote.

Hatari ya pili ni kudhani kwamba usafi na ubora ni kitu kimoja. Gari lililosimama bandani miaka 20 katika nchi kavu halikupata kutu, lakini pia halikujaribiwa. Lililobeba samaki ufuoni mwa bahari kwa miaka hiyo hiyo limeliwa hapa na pale, walakini limelisha watu. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968. Jina lake katika nchi hizi halikupatikana kwa kuhifadhiwa ghalani, bali kwa kupita katika matope na mawe mbele ya macho ya watu. Kuna usafi wa juhudi na kuna usafi wa bahati, na mwenye haki hasifu huu wa pili kama anavyosifu ule wa kwanza.

Hatari ya tatu ni kudanganywa na jicho, na hapa Land Rover ni mwalimu mzuri. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa haba, kwa hiyo waundaji wake waliifanya sehemu kubwa ya bodi kwa mchanganyiko wa alumini. Lakini chasisi ilikuwa ya chuma, na ukuta wa mbele unaomtenga dereva na injini ulikuwa wa chuma vilevile. Matokeo yake yanaonekana hata leo. Mtu anaweza kuiona Land Rover ya miaka 50 ambayo mbavu zake hazina hata doa la kutu, akashangilia kwamba amepata kizima, kumbe chini yake chasisi imekuwa kama mkate uliolowa. Kisichooza kimewekwa juu, na kinachooza kimewekwa chini, na jicho la mpita njia huishia juu.

Tumgeukie muundaji. Yeye huenda kwenye mitaa kama Kirinyaga Road mjini Nairobi, ambako maduka ya vipuri yamepangana, na kwenye viwanja vya mafundi wa jua kali, ambao walipewa jina hilo kwa sababu hufanya kazi nje, kichwa kikipigwa na jua. Husema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Gari moja limekufa injini lakini milango yake ni mizima. Jingine limepinduka na kupondeka bodi lakini injini yake inavuta. Kwa nini yote mawili yatupwe? Muundaji huvipa uhai vitu vilivyohukumiwa kufa. Tena hulijua gari lake kwa kila skrubu. Likimharibikia usiku mahali pasipo na nyumba, hahitaji kubahatisha. Mkono wake unajua pa kwenda. Mtafutaji ana gari. Muundaji ana gari na elimu ya gari. Hii ni sifa kubwa, na vijana wanaodharau kazi ya mikono wangefanya vema kuitafakari.

Hata hivyo, njia hii nayo ina hatari zake. Ya kwanza ni kwamba haba na haba hujaza kibaba hata katika matumizi. Kipuri cha leo ni cha bei ndogo, na cha kesho pia, mpaka jumla yake ipite bei ya gari zima ambalo muundaji alilikataa kuwa ni ghali. Magari mengi ya namna hii hayafiki barabarani kamwe. Hubaki chini ya mti, nyasi zikiota katikati ya magurudumu.

Ya pili ni kwamba vipande vyema havifanyi kitu chema vikikosa kupatana. Injini nzito na yenye nguvu, ikitiwa katika gari ambalo breki zake zilipimwa kwa injini ndogo, haiongezi ubora, inaongeza hatari. Sehemu zimekuwa bora na gari limekuwa baya.

Ya tatu ni asili ya vipande vyenyewe. Kipuri kinachouzwa kwa bei ya ajabu, bila ya risiti, na muuzaji wake hataki kuulizwa, kimetoka wapi? Watu wa mijini wamezoea kusimuliana habari za mtu aliyeibiwa kioo cha gari usiku, akaenda asubuhi kununua kingine, akauziwa kile kile chake. Watu hucheka wanapoisikia habari hiyo, lakini si jambo la kuchekesha. Mwizi asingeamka usiku kama asingekuwa na hakika ya mnunuzi wa asubuhi. Muundaji anayejivunia kazi ya mikono yake aulize kwanza kama mikono mingine, isiyo safi, haikumtangulia.

Baada ya kuzisikiliza pande zote mbili, tunakutana na swali lililowasumbua wenye hekima kwa karne nyingi. Gari lililoundwa kwa vipande vya magari matano ni gari lipi? Mwanakijiji anayelitumia jembe lile lile la babu yake, ingawa mpini umebadilishwa mara tatu na bamba mara mbili, amerithi nini hasa? Plutarch, mwandishi wa Ugiriki ya kale, aliandika habari za merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliihifadhi kwa kuondoa kila ubao uliooza na kuweka mpya mahali pake, hata wenye falsafa wakawa wanashindana: wengine wakisema ni merikebu ile ile, wengine wakikana. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes alilizidisha swali. Aliuliza: kama mtu angaliziokota mbao zote kuukuu zilizoondolewa, akaziunganisha tena kwa mpango ule ule, ingalikuwapo merikebu ya pili, na ipi kati ya hizo mbili ingalikuwa ya Theseus?

Swali hili laweza kuonekana kuwa la mchezo, lakini serikali zimelazimika kulijibu. Huko Uingereza, ambako Land Rover hizo zilitoka, idara ya usajili wa magari kwa miaka mingi ilitumia hesabu ya alama ili kuamua kama gari lililoundwa upya lastahili kubaki na nambari yake ya zamani. Chasisi ya asili, au mpya ya namna ile ile, ilipewa alama 5. Mfumo wa springi ulipewa alama 2, ekseli 2, mitambo ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu 2, usukani 2, na injini alama 1 tu. Gari lilitakiwa kupata alama 8 au zaidi. Tena lililojengwa juu ya chasisi iliyotolewa katika gari jingine lilipoteza nambari yake, hata kama sehemu nyingine zote zilikuwa za asili. Tazama jinsi sheria hiyo ilivyopima. Injini, ambayo watu huifungulia kifuniko na kuisifu kwa ngurumo yake, ilikuwa na uzito mdogo kuliko vyote. Chasisi, ambayo hakuna aisifuye kwa kuwa hakuna aionaye, ilikuwa na uzito mkubwa kuliko vyote. Kwa kutambua gari ni lipi, kinachobeba kilihesabiwa kuliko kinachovuta.

Naam, hapo naona njia ya kutoka katika ubishi wetu. Mtafutaji anakosea anapotaka kila sehemu iwe nzima. Muundaji anakosea anapodhani kwamba kila sehemu yaweza kuungwa. Hukumu yangu ni hii: tafuta kile usichoweza kukitengeneza, na utengeneze kile unachoweza. Mkulima wetu asikatae pikapu kwa sababu ya mlango uliotoboka, maana mlango hubadilishwa kwa siku moja. Asiikatae kwa sababu ya injini inayotoa moshi, maana injini ina mafundi wake na vipuri vyake. Bali alale chini na tochi na nyundo, na kama chasisi imeoza kwa urefu wake, basi aondoke, hata kama rangi inang'aa kama kioo na bei imeshuka kama mvua ya masika. Na akiisha kuipata chasisi iliyo nzima, asingoje tena, aanze kazi.

Huenda mtu akapinga, akisema kwamba chasisi nayo huchomelewa. Ni kweli. Tundu dogo likikatwa mpaka kwenye chuma kizima, na kipande cha unene uleule kikachomelewa na fundi anayeijua kazi yake, gari laweza kutumika kwa salama. Lakini kiraka huhitaji mahali pazima pa kushikilia. Kiraka kikishonewa juu ya kiraka kingine, fundi hajengi tena chasisi. Anajenga sura ya chasisi. Na hapa ndipo udanganyifu unapoingia. Yapo magari ambayo mashimo yake hujazwa kwa ule ujazo ukandwao kama matope, yakasuguliwa kwa msasa, yakapakwa rangi nyeusi, yakauzwa. Kwa jicho hakuna tofauti kati ya chuma na ujazo. Tofauti hujulikana siku pikapu inaposhuka mteremko ikiwa na magunia ya viazi, na juu ya magunia wameketi wanawake watatu waliopewa msaada wa kufika sokoni.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Lakini katika jambo hili kilio huja katika nyumba ya mwingine. Aliyeyaficha maradhi ya gari amekwisha pokea fedha na kwenda zake. Waliomo barabarani hawakuiona hiyo rangi ikipakwa, wala hawakuulizwa. Ndiyo sababu nasema kwamba kufunika kutu si hila ndogo ya biashara. Ni kuuza hatari kwa mtu mmoja na kuigawa bure kwa wengi. Muuzaji anayesema, "Hapa pameoza, hapa pamechomelewa, na hapa sijui," hupunguza bei yake siku hiyo, lakini anaweza kulala.

Nilisema mwanzoni kwamba swali si la chuma peke yake. Ninyi mnaosoma insha hii hamnunui pikapu kesho, lakini mnachagua marafiki leo. Yuko kijana ambaye hataki rafiki ila asiye na dosari. Huyu ana hasira, humkataa. Yule huchelewa, humkataa. Mwingine nguo zake hazikumpendeza, humkataa pia. Mwisho hubaki peke yake, akijisifu kwa viwango vyake. Yuko mwingine ambaye humkumbatia yeyote na kusema, "Nitambadilisha." Wote wawili wangefaidika na somo la chasisi. Kwa maoni yangu, chasisi ya mtu ni kusema kweli. Mwenye hasira anayekubali kwamba ana hasira aweza kusaidiwa. Mvivu anayekiri uvivu aweza kuamshwa. Lakini kwa mtu mwongo, utaanza kutengeneza wapi? Kila unapotaka kugusa palipooza, hukuonyesha palipopakwa rangi.

Hata hivyo, mfano wowote una mpaka wake, na ni haki kuuonyesha. Gari halijitengenezi. Chasisi iliyooza haitaamka usiku ikatubu. Binadamu aweza. Mwongo wa jana aweza kuamua leo kusema kweli, na kazi hiyo hakuna fundi wa nje awezaye kuifanya kwa niaba yake. Kwa hiyo twaweza kukataa kumpa mtu mzigo wa siri zetu kwa sasa, lakini hatuna ruhusa ya kumtupa kama chuma kikuukuu. Gari twalihukumu kwa hali yake. Mtu twamhukumu kwa hali yake pamoja na uwezo wake wa kugeuka.

Na juu ya nafsi zetu wenyewe tuseme nini? Hakuna miongoni mwetu aliyepatikana mzima ghalani. Kila mmoja ameundwa kwa vipande: tabia hii kutoka kwa mama, neno lile kutoka kwa mwalimu, ujasiri kutoka kwa rafiki, woga kutoka kwa jambo lililompata utotoni. Mwanafunzi asione haya kwamba ameungwa kwa vitu vya watu wengi, maana ndivyo elimu ilivyo. Lakini ajiulize maswali ambayo muundaji mwaminifu hujiuliza. Je, vipande hivi vimepatana, au natumia nguvu nisiyo na breki zake? Je, nimevipata kwa haki, au jibu nililoliandika kwenye karatasi ya mtihani ni kioo cha gari la mwingine? Na palipoanza kutu, napakwangua au napafunika?

Kukwangua kunauma, na kwa muda kunaharibu sura. Gari lililokwanguliwa kutu huonekana baya kuliko lilivyokuwa, lina mabaka na makovu, na wapita njia hudhani limeharibika zaidi. Fundi mwaminifu hajali. Huukata uozo mpaka akutane na chuma chenye kung'aa, huchomelea, hupaka dawa ya kuzuia kutu, na kumwita mwenye gari aje aone kazi kabla haijafunikwa. Rangi huipaka mwisho.